Mwenye Vyuma vya Meno Asipikiwe Chungu cha Peke Yake

Siku hizi si ajabu kumwona kijana wa miaka 13 au 14 katika mitaa ya Nairobi, Mombasa au Kisumu akicheka, na meno yake yakimetameta kwa vyuma. Wapo wanaosema kwamba huo ni urembo wa Kizungu tu. Mimi siafikiani nao. Meno yaliyopandana ni shida kuyasafisha, na mengine hayakutani vizuri wakati wa kutafuna. Tena shughuli hii si ya jana wala juzi. Mganga mmoja wa meno wa Ufaransa, Pierre Fauchard, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1728 jinsi ya kuyavuta meno kwa ukanda mwembamba wa madini na nyuzi. Hata sisi hatukuwa nyuma katika mambo ya meno. Waluo wa zamani waling'oa meno sita ya mbele katika taya la chini, na watu wa Pwani wamekuwa wakiusifu mwanya tangu hapo.

Lakini sikukusudia kuzozana na mtu juu ya urembo. Linalonishughulisha mimi ni sahani ya kijana huyo. Anapotoka kwa daktari na vyuma vyake vipya, hurudi katika nyumba ambayo mara nyingi haijafikiria atakula nini usiku huo.

Kwanza tufahamu linalotokea kinywani. Daktari hugandisha kishikizo kidogo kwenye kila jino, kisha hupitisha waya unaoviunganisha vyote. Waya huo hulisukuma jino polepole. Upande linakoelekea, mfupa wa taya hulainika na kupungua. Upande linakotoka, mfupa mpya hujengeka. Ndiyo maana kazi hiyo huchukua muda mrefu, mara nyingi mwaka mmoja na nusu au miwili. Ndiyo maana pia meno huuma. Maumivu huanza baada ya saa chache, hupamba moto siku ya pili, kisha hupungua hata yakaisha katika muda wa wiki moja hivi. Na kila daktari anapoukaza waya, maumivu hurudi kwa siku moja au mbili.

Katika siku hizo, kijana hawezi kuuma hata ganda la mkate. Ni nini basi hufanyika katika nyumba nyingi? Wapo wazazi wanaomnunulia soda, aiskrimu na keki, wakidhani wamemwonea huruma. Wapo wengine wanaompikia kisufuria cha peke yake, kama mgonjwa, akala pembeni huku ndugu zake wakimwita kibogoyo. Nimemwona mpwa wangu mwenyewe akikisukuma kando kikombe cha uji na kusema kwamba yeye si mtoto mchanga. Alilala na njaa, na chakula kilikuwa mbele yake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Kijana wa umri huo yu radhi kushinda na njaa kuliko kuchekwa. Atakonda, au atatoroka na wenzake wakale mahindi ya kuchoma, kishikizo king'oke, na baba arudi kwa daktari na fedha nyingine. Kosa si la vyuma. Kosa ni dharau yetu kwa chakula laini, ambacho tumekifanya kuwa cha wachanga, wagonjwa na wazee walioishiwa na meno.

Dharau hiyo haina msingi. Hebu tazameni bokoboko la Pwani. Ngano huchemshwa pamoja na nyama kwa saa nyingi, kisha hupondwa kwa mwiko hata vyote viwili vikawa kitu kimoja, na juu yake hutiwa samli. Halihitaji jino hata moja, na bado ni chakula cha Idi na cha harusi. Hakuna mgeni aliyepakuliwa bokoboko akaona amedharauliwa. Kama ulaini haukuliondolea bokoboko heshima, kwa nini uuondolee uji?

Maoni yangu basi ni haya: katika wiki ya kwanza ya vyuma, asitengewe mtu chungu. Nyumba nzima na ile chakula laini. Wahenga walisema mchele mmoja mapishi mbalimbali, na mapishi hayo tunayo tayari, toka Pwani hata Ziwani.

Asubuhi, pikeni uji wa wimbi, ambao una madini ya kalsiamu kuyashinda mahindi kwa mbali. Unga ukilowekwa usiku kucha hata ukachacha kidogo, ladha yake huwa bora zaidi. Utieni maziwa, au kijiko cha njugu zilizosagwa hata zikalainika kabisa, upate nguvu ya kumfikisha mtu adhuhuri. Unyweke ukiwa vuguvugu, usiwe wa moto wa kuunguza.

Mchana, mseto ndio unaofaa. Mchele na ndengu, au pojo kama wasemavyo watu wa Mombasa, huchemshwa pamoja kwa maji mengi hata vikarojeka, kisha hutiwa tui la nazi. Mbaazi nazo zilowekwe usiku, zichemshwe hata zivunjike kwa kidole, zitiwe tui jepesi kwanza na tui zito mwishoni. Wenye kupenda mahamri wayachovye katika mchuzi wake, vipande vidogo vidogo. Samaki wa kupaka ni laini kuliko nyama yoyote ile, mradi mama awe mwangalifu wa miiba.

Wa bara nao hawana sababu ya kulalamika. Mukimo wa viazi, ndizi na majani ya malenge ni chakula kizuri sana, ila punje za mahindi ziachwe nje kwa wiki hiyo. Matoke, nduma na viazi vitamu vya kuchemsha havina ubishi. Ugali wenyewe haumsumbui mtu ukimegwa tonge dogo na kuchovywa katika mchuzi, na kwa mboga hakuna inayoshinda mrenda wa Waluhya, ambao huteleza wenyewe. Sukuma wiki ikatwe nyembamba na ipikwe zaidi ya kawaida, kwa sababu hupenda kunasa katika waya. Nyama iwe ya kusaga, au ichemshwe hata iachane na mfupa. Mayai, maziwa lala, parachichi, papai na ndizi mbivu hupatikana karibu kila soko.

Jioni ya siku yenye maumivu makali, maji baridi ya kunywa hutuliza kidogo, na maji vuguvugu ya chumvi ya kusukutua hufaa kwa vidonda vya mashavu. Habari ya dawa ya maumivu aulizwe daktari aliyeviweka vyuma hivyo.

Ni lazima nionye hapa kwamba si kila kilicho laini kinafaa. Halua ni laini, na tende ni laini, lakini hunata na kujaa sukari. Soda hupita bila kutafunwa, lakini sukari na asidi yake hukaa kando ya vishikizo, na siku vyuma vinapotolewa, jino hubaki na madoa meupe yasiyofutika kwa mswaki. Itakuwa hasara kubwa iliyoje kuyanyoosha meno kwa miaka miwili na kuyaharibu kwa muda uo huo!

Wiki ikipita, kijana arudie chakula cha kawaida kidogo kidogo. Hata hivyo, vipo vya kuagana navyo hadi vyuma vitoke: mahindi ya kuchoma, miwa, mabuyu, kashata, chingamu, barafu ya kutafuna na mfupa wa kuguguna. Ukoko wa wali pia awaachie wengine.

Limebaki suala la shule za bweni, na hili ndilo zito. Githeri ni chakula cha shule zetu nyingi, na mahindi makavu yaliyopikwa haraka ni adui wa vyuma. Ningewashauri wazazi wapange siku ya kuweka vyuma iwe mwanzo wa likizo, ili wiki ile ngumu ipite nyumbani. Kisha wazungumze mapema na mwalimu mkuu na mlezi wa bweni. Hawaombi upendeleo mkubwa. Mahindi na maharagwe yakilowekwa usiku kucha na kupewa muda motoni, hupondeka kwa mgongo wa kijiko. Wakamba wametufundisha muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa kinuni hata yakatoka maganda, na huiva yakawa laini kuliko githeri ya kawaida. Mpishi wa shule akifanya hivyo, wanafunzi wote watakula vizuri zaidi, na hakuna atakayeonyeshwa kidole.

Wazazi wenzangu, gharama ya vyuma si ndogo, na wengi wenu mmejinyima ili kuilipa. Msiiache ipotee jikoni. Lowekeni mbaazi usiku wa kuamkia siku ya daktari. Kijana akirudi na kinywa kinachouma, akute sinia moja ya mseto katikati ya mkeka, na kila mtu akiwa ameshika kijiko.