Acha kumuuliza mteja "mtoto anavaa namba ngapi?"

Wafanyabiashara wenzangu mnaouza viatu vya shule mtandaoni, leo tuambiane ukweli kidogo. Januari ikikaribia kila mtu anaposti kiatu cheusi, picha kali, bei, "mikoani tunatuma". Mteja akiingia inboksi, swali letu la kwanza ni lile lile: "Mtoto anavaa namba ngapi?" Mimi naona swali hilo ndilo linatuletea hasara, na linaumiza watoto wa watu.

Mama wa watu hajui namba. Anageuza kiatu cha zamani, namba imeshafutika, anakisia. Au anachukua ya mwaka jana anaongeza mbili, eti mtoto atakua. Na sisi kwa haraka ya kufunga oda tunajibu "sawa mama, tuma hela".

Nilishafanya hivyo. Kuna mama wa mkoani aliniagiza jozi ya mwanawe wa darasa la tatu. Akaniambia 32 ndiyo inamkaa vizuri, "ila niwekee 34, atakulia humo humo". Sikubisha. Nikafunga mzigo, nikapeleka stendi. Wiki ya pili ya shule zikaja picha: kisigino cha mtoto kimechubuka mpaka nyekundu inaonekana, na kiatu kimejazwa magazeti huko mbele. Mtoto alirudi nyumbani pekupeku, viatu mkononi. Mama hata hakugomba. Aliuliza tu, "Dada, wewe si ndiye mwenye viatu, mbona hukuniambia?"

Kiatu kilikuwa kimeshatembea, siwezi kukiuza tena. Nikampunguzia bei jozi nyingine, na nauli ya mzigo nikabeba mwenyewe. Faida ya jozi tatu ikaondoka hapo.

Sasa tupige hesabu, maana hii biashara ni hesabu. Namba hizi za Ulaya tunazouza, 30, 31, 32, zinapishana kama milimita 6.7 kwa kila namba. Mguu wa sentimita 20 unataka kiatu chenye urefu wa ndani kama 21.3, ndiyo 32 hiyo. Ile sentimita moja na kidogo ya mbele ni ya vidole kusogea wakati wa kutembea, na ya kukulia. Ukimpa 34, urefu unakuwa kama 22.7. Yaani mbele ya vidole kuna uwazi wa karibu sentimita 2.7. Mguu unateleza huko ndani, kisigino kinapanda na kushuka, ngozi inaondoka.

Mtu atasema maisha ni magumu, mzazi anataka kiatu kimalize mwaka. Namwelewa sana, hata mimi ni mzazi. Lakini mtoto wa shule ya msingi mguu wake huongezeka kama sentimita moja kwa mwaka, wengine zaidi, wengine pungufu. Ile 34 ingemkaa sawasawa baada ya kama mwaka na nusu. Kiatu gani hicho cha mtoto anayecheza mpira mapumziko kitafika huko? Tena kikubwa ndicho kinawahi kufa: ncha inaburuzika chini, kinajikunja pasipostahili, nyuma panabonyea kama kandambili. Siku mguu unafika saizi, kiatu kiko jalalani. Kuongeza namba moja sina ugomvi nako, hasa kiatu kikiwa cha kamba au mkanda wa kukaza. Mbili, hapana. Na kiatu cha kuchomeka tu kisicho na cha kukaza, usiongeze hata hiyo moja.

Kwa hiyo mimi siku hizi siulizi namba, naomba urefu wa mguu. Mtoto asimame juu ya karatasi, kisigino kimegusa ukuta, mama aweke alama kwenye kidole kirefu kuliko vyote (si lazima kiwe dole gumba, wengine cha pili ndicho kirefu), halafu apime kwa rula au futikamba ya fundi. Asimame, asikae, maana mguu ukibeba uzito unatanuka. Apime jioni, mguu wa asubuhi ni mdogo. Apime yote miwili, achukue uliozidi. Na avae soksi atakazovaa shuleni.

Kazi nyingine ni yako wewe muuzaji. Pima mzigo wako! Usiamini namba iliyochapwa kwenye soli. 33 ya katoni hii inaweza kuwa fupi kuliko 33 ya katoni ile. Kata kipande cha kadi ngumu, chembamba, kiingize ndani mpaka mwisho, weka alama, pima. Andika kwenye posti: "Namba 33, urefu wa ndani sm 22, inafaa mguu wa sm 20.5 hadi 21." Wauza mitumba ndio kabisa, maana mnakutana na namba za Uingereza, ambazo za watoto zinaishia 13 kisha zinaanza upya 1. Mzazi akiona 2 anadhani ni ya mtoto anayetambaa, kumbe ni ya wa darasa la nne au la tano.

Wapo wateja wataona usumbufu, watahamia kwa muuzaji asiyeuliza maswali. Waende. Wanaobaki siku hizi hawanirudishii mzigo, na Juni wananiandikia wenyewe, "dada, mguu umefika 21 sasa".

Huu ndio ujumbe ninaowatumia. Nakili, badilisha upendavyo:

"Asante kwa oda mama. Kabla hujalipa naomba urefu wa mguu wa mtoto kwa sentimita, apimwe jioni akiwa amesimama na soksi zake. Viatu vikifika, avijaribu ndani juu ya mkeka, akaze kamba, atembee. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba lako, na kisigino kisichomoke. Kama hakijakaa sawa, nijulishe kabla hajatoka nacho nje, tutabadilisha."