Siwa Haikutengenezwa Ikae Kimya

Katika makumbusho ya viumbe ya mjini Berlin, Ujerumani, amesimama dinosaria tunayemwita mjusi wa Tendaguru, mita 13 na ushei kutoka sakafuni hadi utosini. Mifupa yake ilichimbwa mkoani Lindi, Tanzania, kati ya mwaka 1909 na 1913, majeraha ya vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani yakiwa bado mabichi. Walioichimba walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia, na msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, hadi bandari ya Lindi.

Tangu mwaka 2007, mbele ya mifupa hiyo vimesimikwa vyombo vya kuchungulia mfano wa darubini. Mtoto huelekeza chombo kwa mjusi amtakaye, nacho hutambua kimeelekezwa wapi. Mara mifupa ile inaota nyama, nyama inavikwa ngozi, na mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita anaanza kutembea. Mtoto wa Berlin anatoka pale amemwona mjusi wetu akiwa hai. Mtoto wa Lindi je, yeye amemwona wapi? Suala la mifupa kurudishwa lina watetezi wake, na ni suala zito. Lakini kumfufua mjusi kwenye skrini hakungoji mifupa irudi. Ni kazi ya ufundi, na mafundi tunao.

Tazameni sasa makumbusho yetu. Kitu kimefungiwa katika kabati la kioo, pembeni pana kikaratasi cha herufi ndogo, mara nyingi Kiingereza kikiwa juu na Kiswahili chini, na ukutani pameandikwa USIGUSE. Wanafunzi wanapita kwa mstari, mwalimu akihimiza kwa kuwa basi linasubiri. Siwalaumu watunzaji. Wanalinda mali ya taifa kwa bajeti ndogo, na kitu cha kale kikishikwa na mikono elfu kitaharibika. Ila kulinda ni nusu tu ya wajibu wao. Nusu ya pili ni kukifanya kitu kile kizungumze na mwenye nacho, yaani mwananchi.

Chukueni siwa, yaani baragumu kubwa, za Lamu, Kenya. Katika makumbusho ya mji ule zimewekwa siwa mbili mashuhuri, moja ya shaba ya Lamu, nyingine ya pembe za ndovu iliyotoka Pate. Hizi zilipulizwa ubavuni katika shughuli za watawala na harusi za watu wa daraja la juu, na aliyezisikia alijua ni jambo gani limetokea mjini. Leo mgeni anatazama nakshi, anasoma kikaratasi, anaondoka bila kujua siwa inaliaje. Ameonyeshwa umbo la chombo akanyimwa kazi yake. Mimi naliona hilo kuwa ni dhulma, kwa chombo na kwa mgeni.

Na dawa yake si ghali. Kipo kihisio kidogo kinachotambua joto la mwili linalosogea, kile kile kinachowasha taa ya uani mtu akipita usiku. Kifungwe juu ya kabati, kiunganishwe na kibao cha elektroniki kama Arduino, memori kadi yenye sauti, na spika moja. Mtu akikaribia, siwa inalia. Akisogea mbali, inanyamaza. Kihisio cha namna hii hakipigi picha ya uso wa mtu wala hakihifadhi jina lake, kwa hiyo wanaochelea kupelelezwa wawe na amani. Vijana wa vyuo vyetu vya ufundi hufunga vitu vigumu kuliko hivi katika miradi yao ya mwisho wa masomo, kisha miradi hiyo huwekwa makabatini.

Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, nako pana utajiri wa ajabu. Nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.66 iliyopita zimehifadhiwa katika majivu ya volkano, kisha zikafukiwa tena ili zisiharibike. Wengi wetu tutaziona kwa nakala tu. Basi nakala hiyo iwekewe pembeni mkeka wenye vihisio vya uzito. Mtoto akanyage, atembee hatua nne tano, na skrini imwonyeshe urefu wa hatua yake sambamba na hatua ya yule wa kale. Hapo hatahitaji mwalimu amwambie kwamba jambo hili linamhusu, maana atakuwa amelipima kwa mguu wake mwenyewe.

Wako watakaosema vifaa hivi vitamfanya mgeni atazame skrini na kukisahau kitu chenyewe. Hofu hiyo ina haki. Makumbusho ya MONA ya Hobart, Australia, yaliyofunguliwa mwaka 2011, hayana vikaratasi ukutani: mwanzoni mgeni alipewa kifaa cha mkononi kilichojua amesimama wapi. Ni ufundi mzuri, lakini nisingeshauri sisi tuanzie huko. Kifaa kilicho mkononi huvuta macho chini. Kihisio kizuri hujificha, kikaacha jicho juu ya siwa na sikio katika mlio wake.

Wengine watauliza nani atavitengeneza vikiharibika. Hilo ndilo swali la maana kuliko yote. Skrini kubwa iliyoletwa na mfadhili, ikafa baada ya mwaka na kubandikwa karatasi ya HAIFANYI KAZI, ni aibu kubwa kuliko ukuta mtupu. Pwani kuna chumvi hewani, umeme hukatika, na vumbi halina likizo. Kwa hiyo tununue vitu ambavyo fundi simu wa mtaani anaweza kuvifungua, tuweke betri ya akiba na vipuri, na kila makumbusho yawe na mtu mmoja aliyefunzwa kazi hiyo na kulipwa kwa ajili yake. Mtunzaji naye atafaidi: wataalamu wa uhifadhi hushauri mwanga usiozidi lux 50 kwa karatasi na nguo za kale, na taa inayowaka pale tu mgeni anapokaribia huzipunguzia kanga na miswada yetu saa nyingi za kuunguzwa rangi.

Lugha ya vifaa hivi iwe Kiswahili kwanza, na pale kitu kilipotoka kwa Wamakonde au Wamasai, sauti ya lugha yao isikike pia. Wachimbaji, wachongaji na wapuliza siwa watajwe kwa majina pale yanapojulikana. Msimamizi wa Tendaguru alikuwa na jina, na watoto wa Lindi walistahili kulisikia zamani.

Nawasihi wakuu wa vyuo vya ufundi na wakuu wa makumbusho wakutane mwaka huu huu. Mwanafunzi apewe kabati moja tu la kushughulikia, mtunzaji amweleze kisichoguswa, nao wakalitengeneze pamoja mpaka lifanye kazi. Lakini kabla ya kununua hata waya, atafutwe mzee ajuaye kupuliza siwa, arekodiwe vizuri, alipwe haki yake. Vibao vya Arduino vitauzwa mwakani pia.