Tazama rodi kabla ya kununua sili

Makala yako ya kubadilisha sili za silinda za haidroliki ni nzuri, ila umeiruka rodi yenyewe. Huku Bukavu silinda za trekta kuukuu zinazopanda kutoka bonde la Ruzizi, upande wa Kamanyola, mara nyingi zimeshabadilishwa sili bure. Pitisha ukucha kwenye rodi. Ukikwama, kromu imeliwa na kutu, na sili mpya itakatwa vilevile. Trekta imelala majira yote ya mvua rodi zikiwa nje, unategemea nini?

Kuchonga sili kwenye mpira wa ndani wa tairi ndiyo hasara kabisa: ule hufura ukigusa mafuta. Wala usipime sili ya zamani, imeshachakaa. Pima mfereji wake. Massey Ferguson za zamani za Uingereza zina vipimo vya inchi, na duka likikupa sili ya milimita inayokaribiana, ikatae.

Aliyeuliza kwa nini mzigo unashuka bila tone kuonekana nje: mafuta yanapita kwenye pistoni ndani, au valvu haifungi. Na jamani, msitafute tundu la paipu kwa kidole. Mafuta yenye shinikizo hutoboa ngozi kama sindano. Hata pasipo maumivu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.