Majina Yanayouzwa Mbele ya Altare



Anayesafiri kwa basi toka Lubumbashi hadi Likasi ana muda wa kutosha wa kusikiliza muziki, atake asitake, kwa maana dereva ndiye mwenye kuchagua nyimbo. Katika safari yangu ya mwisho, mtoto aliyeketi karibu nami pamoja na mama yake aliuliza swali ambalo sisi wakubwa hatuulizi tena: "Mama, huyu wanayemwita kila mara ni nani?" Mama akamjibu kwamba ni mtu mwenye fedha. Mtoto akataka kujua amefanya nini. Mama akageuza uso, akatazama nje ya dirisha.

Sote tunaijua desturi ile. Kwa Kilingala huitwa kutupa libanga, yaani kutupa jiwe. Mfanyabiashara au mwanasiasa analipa, na mwimbaji analitia jina lake katikati ya wimbo wa mapenzi, hata kama hajawahi kumwona. Sina ugomvi na rumba. Ni urithi wetu, na mwaka 2021 UNESCO iliiandika kati ya turathi za wanadamu kwa ombi la Kongo zote mbili. Na ikiwa mwanamuziki ambaye jasho lake halilipwi ipasavyo anauza nafasi ndani ya wimbo wake apate kulisha watoto, mimi si hakimu wake. Ugomvi wangu unaanza pale jiwe hilo linapovuka kizingiti cha kanisa.

Nalo limekwisha kuvuka. Nendeni siku ya mavuno, au siku ya kuchangia mabati, au kwenye sherehe ya shukrani ya padri mpya. Mwongozaji anashika maikrofoni: papa fulani, dola mia moja! Kwaya inaanza, na ndani ya kiitikio kilichotungwa kwa ajili ya Mungu linaingizwa jina la papa fulani, mara tatu, mara nne, huku vigelegele vikipasua paa. Mwenye dola hamsini anapata ubeti mmoja. Kisha wengine wote wanaitwa kwa pamoja, wapite haraka, kwa kuwa jua limekuwa kali na wageni wa heshima wana njaa.

Siandiki kama mtu aliyetazama kwa mbali. Kwa miaka mitatu maikrofoni hiyo ilikuwa mkononi mwangu, na nilisifiwa kwa kazi yangu. Nilijua kumtaja mmoja ili jirani yake aone haya. Siku moja ya mavuno, mama mmoja anayeuza makala kwa makopo kando ya njia alinijia na noti ya faranga mia tano, imekunjwa mara nne. Alisimama mbele yangu akingoja, kwa sababu alikuwa ameona kwamba kila anayefika anatajwa. Niliitazama noti, nikautazama mstari uliokuwa nyuma yake, nikamfanyia ishara ya mkono apite. Hakusema neno. Mwaka uliofuata sikumwona katika mstari.

Mwaka uo huo kijana mmoja wa kundi letu alipokea zamu yake ya likelemba, fedha iliyokusudiwa kulipia masomo ya mdogo wake, akaitoa yote kwa ajili ya dakika moja ya wimbo. Wazazi wa msichana aliyetaka kumposa walikuwa wameketi katika safu ya tatu. Nilimwimbisha vizuri sana. Mdogo wake alirudishwa nyumbani kabla ya mitihani, na mimi niliposikia habari hiyo nilisema kwamba kila mtu atoe kadiri ya uwezo wake.

Injili ya Marko, sura ya 12, inasimulia kwamba Yezu aliketi kuelekea sanduku la hazina, akitazama jinsi watu wanavyotia fedha. Basi alitazama! Na alitaja hata kiasi: sarafu mbili za yule mjane. Kuna rafiki aliyeniletea aya hiyo kama kinga yake, akisema kwamba hata Bwana alitangaza matoleo. Soma tena, rafiki. Aliwaita wanafunzi wake, na kwao ndiko alikosema. Mjane hatuambiwi kwamba alisikia. Jina lake hatulijui hata leo. Na matajiri waliotia fedha nyingi siku ile, majina yao pia hatuyajui, ingawa ninadhani wao walikuwa na hamu kubwa zaidi ya kujulikana.

Ugonjwa huu si wa Kongo peke yake, wala si wa leo. Mtakatifu Yeronimo, alipokuwa akifafanua kitabu cha nabii Ezekieli mwanzoni mwa karne ya tano, alilalamika kwamba shemasi husimama kanisani na kusoma majina ya watoaji, fulani ametoa hiki, fulani ameahidi kile, nao wanajifurahisha kwa makofi ya watu huku dhamiri zao zikiwatesa. Miaka elfu moja na mia sita imepita. Tulichoongeza sisi ni vipaza sauti.

Nimeambiwa: ukiondoa majina, parokia itajengwa na nini? Swali hili si la upuuzi. Paa linavuja, katekista hajalipwa, na mwenye dola mia hutoa akiitwa. Lakini tukubali basi maana ya maneno hayo. Yanasema kwamba tumewafundisha wakristu wetu kununua, na sasa tunaogopa kwamba wasipopewa bidhaa hawatalipa. Zaidi ya hayo, anayenunua huweza kukopa. Ahadi ngapi zilizoimbwa siku ya mavuno hazijalipwa hadi leo? Waulizeni watunza hazina wenu. Sifa imekwisha kutolewa, nani atairudisha? Anania na Safira wa Matendo ya Mitume walitaka kitu hicho hicho: jina la mtu aliyetoa vyote, kwa bei ya mtu aliyetoa sehemu.

Wengine wanasema kwamba ni desturi ya mababu, na kwamba Mwafrika humsifu mtu kwa jina. Ni kweli, na ni jambo zuri. Lakini kasala ya Waluba humtaja mtu pamoja na waliomzaa, na ukoo haununuliwi kwa bahasha. Katika Misa pia tunataja majina: ya marehemu, ya wagonjwa, ya watakatifu. Anayetajwa hapo anaombewa, au anaombwa atuombee. Jina la mwenye dola mia linatajwa ili iweje?

Wapo pia wanaotetea uwazi: watu wajue fedha imeingia kiasi gani. Nami ninauunga mkono kwa nguvu zote. Bandikeni mlangoni pa kanisa jumla ya matoleo, na chini yake kila kilichotumika, mabati mangapi, misumari kilo ngapi, bei gani. Hesabu kama hiyo nimeiona mara chache sana katika maisha yangu. Ni ajabu kwamba anayetoa tunamtangaza kwa ngoma, na namna fedha yake ilivyotumika tunaitaja kwa kunong'ona.

Kuna swali jingine ambalo wimbo wa kulipiwa hauachi nafasi ya kuliuliza: fedha hii imetoka wapi? Katika mji wetu tunajua malori yanabeba nini usiku, na tunajua kwamba si kila anayetajirika ametajirika kwa jasho lake mwenyewe. Tarehe 15 mwezi wa sita mwaka 2025, mjini Roma, Kanisa lilimtangaza Floribert Bwana Chui kuwa mwenyeheri. Alikuwa kijana mlei kama ninyi, wa Jumuiya ya Sant'Egidio, mwenye kuwahudumia watoto wa barabarani wa Goma. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Aliletewa fedha ili aache vyakula vilivyoharibika viingie sokoni. Alikataa, na mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 26, aliuawa. Angalieni vema: jina la kijana wa Kongo limetajwa mbele ya Kanisa lote kwa sababu ya fedha aliyoikataa. Na sisi, katika maparokia yetu, je, wale waliomletea fedha ile wangekuja siku ya mavuno na bahasha nene, tungewanyima ubeti?

Ninawaandikia ninyi, na si mapadri wala mabaraza ya parokia, kwa sababu sauti ni zenu. Bila kwaya ya vijana, biashara hii haina duka. Misale ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, ilituachia tulete vipaji tukicheza, jumuiya nzima. Mama wa makala anacheza na mwenye lori anacheza, na katika msafara ule hakuna anayejua nani amebeba nini mfukoni. Tunacho tayari tunachohitaji. Kwaya ikikataa kutia majina ndani ya kiitikio, mwongozaji atabaki na karatasi yake mkononi.

Mwaka huu nimeombwa tena kushika maikrofoni. Nimejibu kwamba nitaongoza nyimbo, lakini majina sitasoma. Wazee wamekasirika kidogo, kisha wakaniambia kwa upole kwamba watamtafuta mwingine. Mama wa makala nilimfuata mahali anapouzia, nikamwomba msamaha. Akacheka, akasema alikwisha kusahau, lakini alinitajia siku yenyewe na rangi ya shati nililovaa. Karatasi ya majina nasikia imekwisha kupelekwa kwa kijana mmoja wa kwaya. Ikiwa ni wewe unayesoma ukurasa huu, bado zimebaki siku tisa za kuirudisha.