Anwani ya IP si mtu, enyi wakabidhi!

Leo nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Mwaka 2023 niliweka wiki ndogo kwenye seva ya kukodi, kwa MediaWiki, ile programu huria inayoendesha Wikipedia. Kazi yake ni kukusanya majina ya miti na mimea kwa lugha zetu. Mhariri wangu bora hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyeandika kwa simu kila jioni, mti baada ya mti, kwa akaunti yake mwenyewe. Halafu akatokea mharibifu. Anafuta ukurasa, anajaza matusi, nikizuia anwani yake anazima data, anawasha, anarudi na anwani nyingine. Usiku wa tatu nikachoka. Nikazuia safu nzima ya kampuni yake ya simu, /16, yaani anwani 65,536, kwa mwaka mmoja. Tena nikaweka alama kwenye kile kisanduku kinachofanya zuio liwashike hata walioingia kwa akaunti. Nikalala usingizi mzuri sana.

Baada ya siku mbili nikapata ujumbe: "Kijana, wiki yako imenifukuza. Nimekosa nini?"

Kosa lake lilikuwa kutumia laini ya kampuni ile ile. Basi!

Wakabidhi wengi (ndio wasimamizi wa wiki, kwa wasiojua) bado wanaichukulia anwani ya IP kama namba ya nyumba. Jamani, nyumba zenyewe ziliisha! Anwani za IPv4 ni bilioni 4.3 hivi, na ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Kampuni za simu zikafanya kile ambacho kila mwenye ploti anakijua: bomba moja, wapangaji wengi. Simu yako inapewa anwani ya ndani, pengine kutoka lile fungu la 100.64.0.0/10 lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa, na mkitoka nje kwenye intaneti mnatoka wengi kwa anwani moja. Kinachowatofautisha ni namba ya poti. Piga hesabu: anwani moja ina poti 65,536. Kampuni ikimpa kila mteja poti 512, anwani hiyo inabeba watu 128 kwa wakati mmoja, na baadaye kidogo wanaweza kuwa watu wengine kabisa. Tangu 2011 kuna waraka, RFC 6302, unaoshauri seva ziandike poti pamoja na anwani. Kwenye historia ya wiki yangu niliona anwani tu. Yaani nilimhukumu mtu kwa kuangalia geti alilotokea.

Na si jambo geni. Mwanzoni mwa Januari 2007 mkabidhi wa Wikipedia ya Kiingereza alizuia anwani moja kwa sababu ya uharibifu. Kumbe karibu Qatar nzima ilikuwa ikipitia anwani hiyo ya Qtel! Kwa saa kadhaa watu wa nchi nzima wasio na akaunti wakajikuta hawawezi kuhariri. Zuio liliondolewa upesi, na habari hizo zikazua kelele. Sawa, lakini zuio likimpata mwalimu mmoja mwenye simu ya bei rahisi, kelele atampigia nani?

Jibu ninalolisikia kila mara ni hili: "Si afungue akaunti?" Nani kakwambia inafunguka? Zuio la anwani kwa kawaida hukataza pia kufungua akaunti mpya, na lile kali, kama langu, linamshika hata aliyekuwa nayo tayari. Anaambiwa aombe msamaha maalum. Atafute ukurasa wa maombi, aeleze IP yake, mara nyingi kwa Kiingereza, akitumia bando la shilingi 20. Mtu wa Ulaya mwenye laini ya nyumbani mara nyingi ana anwani yake peke yake, kwa hiyo haya hayamgusi. Sisi tunaoingia kwa simu tunalipia kila mjinga wa mtaani. Mwaka 2022 wahariri wa Afrika walilalamika hayo hayo kwenye Meta-Wiki: watu wanakuja kwenye warsha ya kuhariri, wanakuta mlango umefungwa.

Najua wakabidhi wanajitolea na wamechoka. Hata mimi nilichoka. Sisemi mharibifu aachwe, na safu ikishambuliwa usiku kucha, izuie, lakini kwa saa, si kwa mwaka. Kile kisanduku kiache wazi, wenye akaunti wapite. Kama anaharibu ukurasa mmoja, tangu 2019 MediaWiki inaweza kumzuia kwenye ukurasa huo tu. Kwa nini umfungie wiki nzima? Matusi yanayojirudia yawekee kichujio. Na mhariri unayemfahamu mpe kinga ya zuio la IP mapema, usingoje apige simu.

Kuna watakaosema akaunti za muda, ambazo Wikimedia ilianza kuzileta 2024, zimemaliza tatizo. Zimeficha anwani isionekane na kila mtu, na hilo ni zuri. Lakini akaunti hiyo inakaa kwenye kuki. Mharibifu akifuta kuki anapata nyingine, na mkabidhi aliyechoka atarudi pale pale, kwenye safu ya /16.

Zuio langu niliondoa dakika ile ile niliyosoma ujumbe. Nikampigia Mwalimu nikamwomba radhi, akacheka, akasema hakuna neno, atarudi akipata nafasi. Mti wake wa mwisho kwenye wiki ni mlonge. Ukurasa wa muarobaini bado mtupu.