BANGI WANAFYEKA, TUMBAKU WANAIPELEKEA MBOLEA

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Issenye, Serengeti

Kijana mwenzangu uliyeko Musoma, Mwanza au Dar es Salaam, wewe unayesoma gazeti hili kijiweni huku fegi iko kidoleni, usiitupe kwanza. Ivute tu, umeshailipia. Lakini ukimaliza nijibu swali moja: unajua ni nani anayekula hela ya hiyo fegi, na ni nani atakayelipa nauli yako ya kwenda Bugando?

Huku Mara tunaonyeshwa sinema ya bure. Makamanda wanateremka Tarime na mapanga na viberiti, bangi inafyekwa, inachomwa, waandishi wanaitwa kupiga picha, wanakijiji wanatimua mbio. Sisemi wasifanye kazi yao. Bangi ni marufuku na anayeilima analijua hilo. Ila geuza macho kidogo tu. Katika mkoa huu huu wa Mara kuna jani jingine linalolimwa, na hilo halifuatwi na defenda. Linafuatwa na bwana shamba. Linakopeshewa mbolea, lina Bodi yake ya serikali, na tani zake zikiongezeka waziri anazitaja kwa kifua mbele na wenzake wanapiga meza. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Basi niambieni, kwa dola yetu jani la hatari ni lipi? Lile linaloua, au lile lisilolipa kodi?

WALISAINI WENYEWE

Vigogo wetu ni mabingwa wa kutia saini, kwa hiyo tuanze na karatasi zao. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku. Mwezi Mei mwaka huo huo mataifa yakakubaliana mjini Geneva juu ya Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku. Tanzania ikautia saini mwaka 2004, ikauridhia tarehe 30 Aprili 2007. Kuridhia si kupiga picha na kunywa soda. Ni kujifunga.

Na kamba yenyewe ina tarehe. Mkataba unasema nchi ikishaingia, ndani ya miaka mitatu pakiti ya sigara iwe na onyo kubwa, linaloonekana na kusomeka, linalofaa kuchukua nusu ya uso wa pakiti au zaidi. Ndani ya miaka mitano, matangazo yote ya tumbaku na udhamini wake wote vipigwe marufuku. Kwetu saa ilianza kuhesabu Julai 2007. Toa hesabu ya darasa la tatu: onyo lilikuwa deni la 2010, matangazo yalikuwa deni la 2012.

Sasa nenda dukani kwa Mangi ukaombe pakiti uitazame. Utaona maandishi. Picha ya koo lililooza hakuna, picha ya pafu jeusi hakuna. Sheria tunayotembea nayo ni ile ile ya 2003, iliyotungwa kabla hatujauridhia mkataba, inayobana matangazo bila kuyafuta yote na kuruhusu vyumba vya kuvutia sigara mahali ambapo moshi ulitakiwa usiwepo kabisa. Wameoa kwa mahari ya maneno.

Halafu nenda Sirari, vuka ng'ambo ya pili Isebania, hatua chache tu, ukaombe pakiti ya Kenya. Tangu 2016 pakiti zao zina picha za maradhi. Mkurya wa ng'ambo anaonyeshwa kinachomngoja. Ndugu yake wa Tarime, ukoo mmoja na lugha moja, anaandikiwa barua. Uganda nao walitunga sheria mwaka 2015 na kuamuru onyo lichukue asilimia 65 ya pakiti. Msidhani kampuni ziliwachekea. British American Tobacco ilikwenda mahakamani nchi zote mbili. Mwaka 2019 ikashindwa zote mbili: Mei kwenye Mahakama ya Katiba ya Uganda, Novemba kwenye Mahakama ya Juu ya Kenya. Majirani walipigana wakashinda. Sisi hata ulingoni hatujapanda, na tunajisifu kwa amani na utulivu.

SIGARA ILIUZWA NA NANI?

Wewe uliyezaliwa juzi huenda hujui kwamba Kampuni ya Sigara ilikuwa mali ya umma. Ligi kuu ya miaka ile ilikuwa na timu ya Dar es Salaam iliyoitwa Sigara, na watu walishangilia jina hilo uwanjani bila aibu. Mwaka 1995, mwaka ule ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, kampuni ikabinafsishwa. Mnunuzi alikuwa R.J. Reynolds wa Marekani, aliyechukua asilimia 51.

Hapo ndipo pa kukaa chini. Mwaka mmoja kabla, Aprili 1994, wakuu saba wa kampuni kubwa za tumbaku za Marekani walisimama mbele ya kamati ya Bunge lao, wakainua mikono kuapa, wakasema mmoja baada ya mwingine kwamba nikotini haimfanyi mtu kuwa mtumwa wake. Mmoja wa hao saba alikuwa mkuu wa R.J. Reynolds. Dunia nzima iliwacheka, maana madaktari walikwisha andika tangu 1950, kule Uingereza, kwamba sigara inakwenda sambamba na saratani ya mapafu. Marekani wanawahoji, Dar es Salaam wanawakaribisha na zulia. Mwaka 1999 Wajapani, Japan Tobacco, wakainunua biashara ya R.J. Reynolds ya nje ya Marekani, na ya kwetu ikaenda nayo.

Kwa hiyo ukisikia kigogo anasema kiwanda cha sigara ni uzalendo, muulize uzalendo wa nchi gani.

KOO LINAPOFUNGA

Watu wengi wakisikia saratani ya sigara wanafikiria mapafu peke yake. Sikiliza, wewe wa Kanda ya Ziwa. Kuna saratani ya koo la chakula. Wataalamu wamechora ramani yake, ni ukanda unaoanzia Ethiopia, unapita Kenya na Tanzania, unashuka Malawi mpaka Afrika Kusini. Sisi tumo. Sababu zake si moja: pombe imo, vinywaji vya moto mno vimo, na tumbaku imo. Ugonjwa huu hauji kwa kikohozi. Unaanza pale tonge la ugali linapokwama. Baadaye uji unakwama. Mwisho maji. Mwanamume aliyezoea kula kichuri anakufa kwa njaa mbele ya sahani iliyojaa.

Na safari ya matibabu unaijua. Kutoka Issenye unakwenda Mugumu. Mugumu wanakuandikia Musoma, kwenye ile hospitali ya Kwangwa iliyokaa gofu miaka na miaka huku kila mgombea akiiahidi. Musoma wanakuandikia Bugando, Mwanza. Hapo shukuru, maana zamani mashine za mionzi za serikali zilikuwa Ocean Road peke yake, na mtu wa Serengeti alivuka nchi nzima kwenda kulala Dar es Salaam asikojua mtu. Ng'ombe wanauzwa. Shamba linafuata. Mgonjwa anarudi amelala kwenye landrova. Karatasi za kuridhia mkataba bado ziko kabatini.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta watu wazima karibu milioni 2.6 nchini wanatumia tumbaku, na kwa wanaume ni asilimia 14.6. Msijitetee kwa kusema ugoro si sigara. Ugoro ni tumbaku, na kuberi ile madereva na bodaboda wanayoweka chini ya mdomo ili wasisinzie ni tumbaku pia. Mdomo nao unapata saratani.

Na fegi moja moja je? Hapa Issenye, kama huko kwenu, vibanda vinauza sigara kwa punje, sanduku wazi pembeni ya pipi. Mtoto wa darasa la sita hawezi kununua pakiti, lakini moja anaimudu, na hakuna anayemuuliza umri ingawa sheria inataka awe na miaka 18. Mkataba umezitaka nchi zijitahidi kukomesha uuzaji huo wa punje. Hebu nitajieni mwenye duka mmoja aliyewahi kuguswa kwa kosa hilo. Machinga wa mitumba anakimbizwa kila siku.

KODI YA KUBEMBELEZA

Watasema: sigara inaleta kodi. Sawa, tuseme kodi. Shirika la Afya Duniani linashauri kodi ifike angalau robo tatu ya bei ya sigara dukani, kwa sababu bei ikipanda vijana na makabwela ndio wa kwanza kuacha. Yetu haijafika hata nusu. Ukisoma majedwali ya ushuru wa bidhaa utakuta kichekesho kingine: sigara yenye tumbaku ya ndani zaidi ya asilimia 75 ina kiwango chake, cha chini kuliko nyingine. Yaani ukiuawa na jani la Tabora unapewa punguzo.

Watasema pia: na mkulima ale nini? Swali hili nalijibu kwa heshima, maana mkulima wa Serengeti si adui yangu. Anakopeshwa mbolea na dawa kabla ya msimu, anakata kuni za kukaushia mpaka kilima kinabaki kipara, na siku ya mauzo bei inatajwa na aliyemkopesha. Mkataba ule ule, ibara ya 17, unaitaka serikali imtafutie njia nyingine ya kuishi. Haiwezekani? Mwaka 2022, hapo Migori, kaunti wanakoishi Wakurya wa Kenya, mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali yao walianza mpango wa kuwatoa wakulima kwenye tumbaku na kuwaingiza kwenye maharage yenye madini ya chuma, pamoja na soko la kuyanunua. Udongo ni huu huu. Mvua ni hizi hizi. Kinachokosekana upande wetu ni serikali kuona kwamba maharage nayo yanastahili bwana shamba.

Na hapa siwaachi hata wa kwetu. Wabunge wa upinzani wana ndimi kali kwenye mikataba ya madini na bandari, lakini huu mkataba wa tumbaku wameuacha ulale, labda kwa kuwa wapiga kura wengi wanavuta. Ndugu zangu, anayevuta ndiye anayekufa, na marehemu hapigi kura.

Basi kila mwezi Juni, bajeti inaposomwa Dodoma, msisikilize bei ya bia tu. Mbunge wako akija kijiweni kuomba kura na katoni ya soda, mshike shati kwa upole umuulize: onyo kubwa kwenye pakiti tulilodaiwa tangu 2010 liko wapi? Marufuku ya matangazo ya 2012 iko wapi? Kila shilingi ya kodi ya sigara, ni senti ngapi inakwenda Bugando na Ocean Road? Akianza kukohoa, mpe maji, halafu rudia swali la kwanza.