Wekesa Amekosa Nini?

Jumapili moja kanisani hapa Chekalini, kijana mmoja alipita mbele na mkewe na mtoto wa kiume wa kubarikiwa. Mchungaji akauliza jina. "Messi Brayden," kijana akajibu, kifua mbele. Kikongwe aliyeketi nyuma yangu akaniinamia sikioni: "Huyo alizaliwa mvua ikinyesha au jua likiwaka?" Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, swali la kukhu, yaani nyanya, ni zito. Kwetu Wabukusu jina lilikuwa kalenda. Ukisikia Wafula, unajua mvua ilinyesha, Simiyu, ilikuwa kiangazi, Wanyonyi, watu walikuwa wakipalilia, Wekesa, wakivuna. Wanjala alizaliwa siku ambazo sufuria ililala kifudifudi. Wasike alikuja na nzige. Wangila, mamake alishikwa na uchungu njiani. Ukikutana na Khisa, huhitaji kuuliza: mbele yake walizaliwa pacha. Na Wamalwa, jina alilobeba makamu wa rais Michael Kijana Wamalwa mwaka 2003, ni la pombe. Naam, pombe! Wala hakulionea haya.

Msiniambie hayo ni majina ya kishenzi. Nyinyi ni watu wa kanisa, Biblia mnaijua kuliko mimi. Isaka ni kicheko kwa kuwa Sara alicheka. Musa alitolewa majini. Waebrania waliita watoto kama Wabukusu, na Mungu hakuwakemea.

Sisemi jina la kigeni ni haramu. Panyako lilitoka kwa vikosi vya Pioneer vya Vita vya Pili vya Dunia. Keya ni KAR, jeshi la mkoloni, jina lililotafunwa na ndimi zetu. Majina hayo yalilipiwa kwa jasho na damu. Hata Wycliffe, Mwingereza aliyetaka watu wake wasome Biblia kwa lugha yao, tulimpokea tukamlea, mpaka gavana wetu wa kwanza wa Kakamega, Oparanya, akaitwa hivyo. Lakini Brayden alipigana vita gani? Ametoka kwenye simu. Obama aliposhinda mwaka 2008, Kisumu walizaliwa akina Obama. Hao angalau wana jamaa Kogelo, kijiji cha ukoo wa Obama! Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na sinyamazi bila kusema jingine, maadamu nimemtaja Wekesa. Mavuno gani hayo mnayowaitia watoto? Nyinyi ni wana wa wachapakazi waliokuja Lugari wakati wa uhuru, wakapata mashamba ya walowezi, wakayalima kwa jembe na jasho, nanyi mkono wenu si mvivu. Basi mbona mahindi mnamwuzia dalali yangali shambani, naye anawapimia kwa gorogoro iliyotunishwa tumbo, mnamshukuru? Ifikapo Juni mnapanga foleni dukani kununua unga uleule. Mtoto wa Juni hapa angeitwa Wanjala, na babake pia.

Nirudi kwa kijana wetu. Mtoto ni mzuri, macho makubwa, sauti ya kuamsha kijiji. Miezi sita ya kuandikisha kuzaliwa bado haijaisha. Kabla hujaenda kwa naibu wa chifu, mwanangu, pita kwanza kwa kukhu, ukae, unywe chai, umwambie siku hiyo kulikuwaje. Atakupa jina bila ada, na anaamka mapema kuliko naibu wa chifu.